Mtungi wa Nusu Kijiko

Haya ni maneno niliyowaambia vijana waliohitimu ufundi wa magari hapa Dodoma. Walimu wao wameniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mliovaa majoho leo, mbukwenyi!

Nimeombwa nizungumze juu ya magari ya kifahari ya zamani na kazi yangu ya kuyatengeneza kwa udogo. Nimekuja na vitu viwili. Nianze na hiki cha kwenye mfuko, ambacho wengi wenu mmeshakitambua.

Ni lori la mabua ya mtama. Mjukuu wangu wa miaka tisa alilitengeneza baada ya mavuno, kwa kisu cha jikoni na miiba ya mgunga. Halina msumari hata mmoja. Magurudumu ni soli ya kandambili iliyokatwa duara. Lakini tazameni hapa mbele. Ekseli haikukazwa pande zote mbili za fremu. Imeshikwa katikati, kwa mwiba mmoja, na ufito mrefu unatoka hapo hadi mikononi mwa dereva anayekimbia nyuma. Akizungusha usukani, ekseli inageuka. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema, "Babu, bila hivyo halikati kona."

Jibu hilo limekaa nami tangu siku ile. Mtoto alikuwa na lori linalokwenda mbele tu, akakaa chini akatafuta kwa nini, akakata bua jingine. Hakusubiri spea.

Ombi langu kwenu ni moja tu. Mtatoka hapa mwende gereji, na gereji zetu siku hizi zinaishi kwa kubadilisha. Pampu imekufa, leta pampu. Kichwa cha injini kimepinda, leta kichwa kutoka Japani. Ni kazi halali, inalisha familia, siibezi. Ila nawaomba, angalau mara moja katika ujana wenu, mtengeneze mashine moja kuanzia chuma kitupu mpaka izunguke. Hata iwe ndogo kama kiberiti.

Sasa boksi hili. Mwalimu, nishikie kifuniko, tafadhali.

Hii ni Rolls-Royce ya 40/50, ile inayojulikana kwa jina la Silver Ghost, katika kipimo cha moja kwa nane. Milimita nane za gari halisi, hapa ni milimita moja. Chasisi ipo, magurudumu yapo, na mbao za spoku zake ni mninga. Injini ndiyo hii. Bodi bado.

Niseme kwa nini nilichagua hili. Mwaka 1907, gari lenye namba AX 201, lililopakwa rangi ya alumini na kufungwa vifaa vilivyochovywa fedha, liliingizwa barabarani Uingereza na Scotland, na wasimamizi wa chama cha magari cha kule wakiliangalia. Lilikimbia zaidi ya maili 14,000, yaani kama kilomita 23,000. Hesabuni safari ya Dar es Salaam, kwenda na kurudi, mara 25, kwa barabara za mwaka ule. Jina lenyewe lilitokana na ukimya wake, kwamba linapita kama mzimu wa fedha.

Lakini mimi sikuvutwa na mwendo. Nilivutwa na walichofanya gari liliporudi. Walilifungua lote. Kila kinachosuguana na kingine kikapimwa, ijulikane kimelika kiasi gani. Vilivyolika vikabadilishwa, na gharama ya vipuri ikawa pauni 2 na ushee. Nilipolisoma hilo niliacha kazi niliyokuwa nayo mkononi. Nimekereza vyuma miaka 31, nimeona watu wanafungua mashine kwa sababu imekufa. Sikuwahi kuona mtu anafungua mashine nzima kwa sababu imefanya vizuri na anataka kujua kwa nini.

Na aliyeiunda alikuwa nani? Henry Royce alizaliwa mwaka 1863, mtoto wa mwenye kinu cha kusagia nafaka. Baba alifariki kijana akiwa na miaka tisa. Aliuza magazeti. Ndugu wa familia akamlipia ada ya uanagenzi katika karakana ya reli kule Peterborough, kisha fedha zikakatika, akatoka bila kumaliza. Nawaona baadhi yenu mnatazamana. Naam, ada ilikatika hata kwake. Baadaye akafungua karakana ya vifaa vya umeme Manchester, akanunua gari la Kifaransa lililokwisha kutumika, aina ya Decauville. Halikumridhisha. Akalichunguza kipande kwa kipande, akatengeneza la kwake, likatembea Aprili 1904. Mwezi uliofuata, katika hoteli ya Midland hapo Manchester, alikutana na Charles Rolls, aliyekuwa na fedha na duka la magari London. Yaliyofuata mnayajua kwa jina lao wawili.

Turudi kwenye injini, maana hapa ndipo nilipomaliza miaka yangu ya kustaafu.

Injini halisi ina silinda sita na ujazo wa cc 7,036. Nikiwauliza katika kipimo cha moja kwa nane inakuwa cc ngapi, wengi mtagawa kwa nane mniambie 880. Nami nilidhani hivyo siku ya kwanza. Lakini nimepunguza urefu kwa nane, upana kwa nane, na kimo kwa nane. Nane mara nane mara nane ni 512. Injini nzima inabaki na cc 14 hivi, na kila silinda cc 2.3.

(Hapa nilitoa kijiko cha chai, nikakitia maji chini kidogo ya nusu, nikakipitisha kwa walioketi mstari wa mbele.)

Maji hayo mnayoyaona ndiyo nafasi yote niliyonayo katika silinda moja. Humo mchanganyiko wa petroli na hewa uingie, ubanwe, uwake, usukume pistoni, moshi utoke. Kipenyo cha silinda ya gari halisi ni inchi nne na nusu. Hapa ni milimita 14, upana wa ncha ya kidole changu cha mwisho.

Na kuna vitu ambavyo havikubali kupunguzwa. Petroli haijui kwamba umeshusha kipimo, matone yake ni yale yale. Cheche ya plagi ni ile ile. Halafu kuna joto. Ukuta wa silinda umepungua mara 64, hewa iliyomo imepungua mara 512. Maana yake, kwa kila tone la mchanganyiko linalowaka, kuna ukuta mkubwa mara nane zaidi unaolinyang'anya moto. Mmeliona jambo hili jikoni. Kikombe cha uji kinapoa wakati sufuria la msibani bado linaunguza mdomo, ingawa vimetoka jiko moja.

Kisha nafasi kati ya pistoni na ukuta. Tuseme kwenye gari kubwa umeacha sehemu moja ya kumi ya milimita. Gawa kwa nane. Unapata kitu chembamba kuliko unywele, tena mara kadhaa. Kwa mashine yangu ya kukerezea, ambayo ni kuukuu, sifiki huko kwa kukata. Nafika kwa kusugua. Nakata karibu na kipimo, kisha nachukua kijiti cha shaba, napaka mafuta yenye unga wa kusagia, nasugua ndani ya silinda kwa mkono, napangusa, napima, nasugua tena. Silinda moja ilinichukua jioni nne. Mkono ndio unaojua. Pistoni ikifika, ukiziba tundu la chini kwa dole gumba na kuiachia, haianguki. Inashuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Ukiondoa kidole, inadondoka. Siku ya kwanza kuiona ikifanya hivyo nilimwita mke wangu aje atazame.

Kesi ya krenki, yaani kasha la ule mhimili unaozungushwa na pistoni, nimeimimina mwenyewe kwa alumini ya pistoni mbovu, zile mnazozitupa nyuma ya gereji. Mchanga nimeuchota kwenye korongo, nikauchanganya na udongo wa mfinyanzi. Hili nawaambia kwa usalama wenu, lisikilizeni. Mara ya kwanza niliulowesha mchanga kupita kiasi. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660. Ukiimwaga juu ya unyevu, maji yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke ule unataka pa kutokea. Ulitokea juu, na alumini ukaja nayo. Kovu ni hili kwenye mkono wa kushoto. Tangu hapo nafanya kama wazee wa kalibu walivyofanya. Nakamata mchanga kwenye ngumi, nafumbua. Ukibaki na alama za vidole na kuvunjika vipande viwili safi, bila kuacha maji kiganjani, unafaa. Ukiacha kiganja kimelowa, uanike. Na msisahau kwamba alumini ikipoa inajikunja, karibu asilimia 1.3. Kwa kesi hii ya sentimita 12 ni zaidi ya milimita moja na nusu. Kielelezo cha mbao lazima kiwe kikubwa kuliko kitu unachokitaka.

Krenki ndiyo iliyonitoa jasho. Enzi zile watengenezaji wengi waliogopa injini ya silinda sita kwa ajili ya krenki. Ni ndefu, na kila pistoni inaisukuma kwa wakati wake, kwa hiyo inajinyonga na kujinyongoa kama nguo inayokamuliwa, mpaka inavunjika. Royce aliifanya nene, akaiweka kwenye beringi saba, akapitisha mafuta ndani yake kwa shinikizo. Mimi niliikata yangu kutoka kipande kimoja cha ekseli ya lori. Ilipokamilika, nikaitoa kwenye mashine, nikaiweka juu ya kioo. Ikayumba. Chuma kile kilikuwa kimebeba mkazo ndani yake tangu kilipofuliwa, na kila nilipokata nilikuwa naufungulia. Kazi ya wiki tatu. Ya pili niliikata nusu, nikaiacha rafuni siku kumi ijinyooshe inavyotaka, ndipo nikaimalizia. Hiyo ndiyo iliyomo.

Sasa niwaambie kwa nini napima kiasi hiki, maana si tabia niliyozaliwa nayo. Nilipokuwa na umri kama wenu nilifunga injini ya Land Rover. Pistoni mpya, ringi mpya, kila kitu kinang'aa. Ringi, ile pete ya chuma inayozunguka pistoni, ina mkato, na mkato ule lazima uache nafasi, kwa pistoni ya milimita 90 ni kama theluthi hadi nusu ya milimita, kwa sababu ringi ikipata moto inarefuka. Mimi sikupima. Nilizitoa kwenye boksi nikazifunga, nikaamini kilichoandikwa kwenye boksi. Gari lilipanda kuelekea Kondoa likiwa limebeba mama mjamzito na ndugu zake. Ringi zikarefuka, ncha zikakutana, zikakosa pa kwenda, zikachimba ukuta wa silinda. Injini ikakamata njiani, jua la saa saba, hakuna mti. Mama yule alifika hospitali usiku, kwa lori la kuni. Yeye na mtoto walipona, nashukuru Mungu. Lakini kosa lilikuwa langu, na fila geji, kile kipimo cha vibati vyembamba cha kupimia mkato ule, ilikuwa mfukoni mwangu siku ile ile.

Kuna watu wananiambia kwamba kupima hivi ni mambo ya Wazungu. Huwa nawauliza kama wamewahi kumwona Mgogo akitengeneza ilimba, ala yetu ya muziki yenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Anafua msumari mpaka unakuwa ulimi mwembamba, anaubana juu ya ubao, kisha anauvuta mbele na kuurudisha nyuma, kidogo mno, jicho halioni, sikio ndilo linaloona. Ulimi ukizidi kidogo, sauti imeharibika. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki 2003, aliipeleka ilimba mbele ya dunia, na ndimi zile kila moja ilikaa mahali pake. Huko ni kupima. Sisi tulikuwa tunapima kwa sikio.

Hata Rolls-Royce, grili yake ile ya mbele yenye umbo la hekalu, ukiitazama inaonekana imenyooka kama rula. Haikunyooka. Mistari yake imetunishwa kidogo kwa makusudi, kwa sababu bati pana lililonyooka kabisa jicho huliona limebonyea. Wanaokwenda Dar es Salaam, ingieni Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert. Kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni, kisha ikamtumikia Mwalimu Nyerere. Simameni mbele yake, mshushe kichwa mpaka macho yawe usawa wa ukingo wa grili. Mimi nilisimama pale hadi mlinzi akanijia kuniuliza kama naumwa.

Kuhusu magari mengine ya enzi hiyo nisiwachoshe. Mnaopenda ukubwa, itafuteni Bugatti Royale, silinda nane kwa mstari, cc 12,763, na sanamu ya tembo aliyesimama juu ya rejeta. Yalitengenezwa sita tu, kwa sababu uchumi wa dunia ulianguka na wanunuzi wakakosekana. Injini zilizobaki hazikutupwa, zilifungwa kwenye mabehewa ya treni Ufaransa. Sisi wa Dodoma, mji uliokua juu ya reli, hilo tunalielewa haraka.

Mabinti nawaona mko wanne. Kwenu nina jina moja, Bertha Benz. Agosti 1888 alichukua gari la mumewe, akiwa na wanawe wawili, akaliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kama kilomita 106, wakati hakuna mtu aliyewahi kwenda mbali hivyo kwa gari. Bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Breki zikalika, akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Mafuta aliyanunua duka la dawa. Alifika, na akarudi.

Na wanaosema kazi hii ndogo ni mchezo wa wazee, wapo watu wameitolea maisha. Ufaransa, Pierre Scerri alitengeneza Ferrari 312 PB kwa theluthi moja ya ukubwa wake, injini ya silinda 12 inayowaka kweli, na kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka kumi. Alitaka ilie kama ile kubwa.

Yangu bado hailii hivyo. Nisiwafiche. Silinda nne zinashika, mbili za nyuma zinakataa. Mwanzoni ilitoa moshi mweusi kwa zote sita, kwa sababu jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, niliitoboa kwa hesabu ya usawa wa bahari, na sisi hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu. Hewa ya Dodoma ni nyepesi, petroli ikazidi. Nikatoboa jeti nyingine, ndogo zaidi, moshi ukaisha. Hizo mbili za nyuma nashuku bomba la kuingizia hewa, mchanganyiko unapoa kabla ya kufika mwisho. Mwenye wazo lingine aniambie leo, nitalisikiliza.

Kwa anayetaka kuanza, asianze na silinda sita. Tafuta bomba la shaba njano, urefu wa kidole. Kereza pistoni iingie humo. Spoku ya baiskeli iwe konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na gurudumu. Toboa tundu moja ubavuni mwa silinda, na mawili kwenye ubao inaoegemea, moja la kuingizia hewa na moja la kutolea, silinda ibembee kati yake. Funga gurudumu zito kidogo. Kisha unganisha pampu ya baiskeli, umwambie rafiki apampu. Ikizunguka, umejua valvu, umejua taimingi, umejua kubana na kuvuja, na hukununua chochote zaidi ya bomba. Vifaa vyangu viko Nkuhungu, nyumbani. Jiriwa ipo, tupa zipo, mashine ya kukerezea ipo ila mkanda wake ni wa kuombea. Jumamosi nipo kuanzia saa tatu asubuhi. Njooni na miwani ya kukinga macho, hiyo siazimishi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, nimemaliza muda niliopewa. Naomba dakika chache tu wanangu hawa wapite kuitazama. Njooni wanane wanane. Krenki zungusheni kwa mkono, polepole, kuelekea kulia, mtasikia kila silinda inapobana. Kabureta msiiguse, lehemu yake nimeitia jana usiku.